Mchina "anafungua" taa, gari mpaka dawa: neno "open" na mwenzake "kai"

"Mwalimu habari za kazi. Namfundisha Kiingereza mtu mzima mmoja, Mchina wa miaka kama 45, msimamizi wa mitambo kwenye kiwanda nje kidogo ya Dar. Anajua maneno mengi kuliko nilivotegemea ila neno 'open' limetushinda wote wawili. Kwake kila kitu ni 'open'. 'Open the light', 'open the fan', 'yesterday we opened meeting two hours'. Siku moja kamwambia mlinzi 'I cannot open this car', mlinzi akaenda kutafuta funguo za akiba kumbe mtu alimaanisha hajui kuendesha gari la gia. Juzi kaniambia 'doctor opened medicine for me'. Alafu mlangoni kwa ofisi yake kuna karatasi, upande mmoja 'office is opened', ukigeuza 'office is close'. Namsahihisha, anaandika kwenye daftari, kesho anarudia vilevile. Rafiki yangu mmoja anasema Wachina hawana grama ndo maana, mwingine anasema nimwache tu mbona watu wanamwelewa. Na mimi mwenyewe juzi nimejikuta nasema 'open the TV' darasani, nikaona aibu. Je huyu ni mvivu au mimi ndo sijui kufundisha? Nimfundisheje hili neno maana kamusi nimeifungua nikakuta maana zimejaa ukurasa?"

Salama dada, pole na majukumu. Nimeisoma meseji yako mara mbili na kabla ya yote nataka uutue huo mzigo wa lawama, si wake na si wako. Nimefundisha Kiingereza watu wazima kwa miaka mingi, Wachina wakiwa wengi, na hili neno "open" nimekutana nalo karibu kwa kila mmoja wao, aliyemaliza chuo kikuu na aliyeishia sekondari, mpaka mifano yenyewe inafanana na hiyo yako. Watu ambao hawajuani wakikosea kitu kilekile kwa namna ileile ujue kosa halitoki kwenye uvivu wa mtu, linatoka kwenye lugha aliyokuja nayo kichwani.

Hao marafiki zako wawili tuwajibu kwanza. Wa kwanza anakosea kabisa. Kichina kina grama, tena ya kubana, ila haikai pale sisi tulipozoea kuitafuta. Kitenzi chao hakibadiliki mwanzo wala mwisho, leo ni hivohivo na jana ni hivohivo, kazi ya kuonyesha kimetokea au kiko katika hali gani inabebwa na mpangilio wa maneno na vineno vidogo kama "le" na "zhe". Hako ka "zhe" nitakarudia baadae maana ndo katakusaidia na ile karatasi ya mlangoni. Rafiki wa pili ana ukweli nusu. "Open the light" kila mtu ataelewa, na kuna nchi nzima wanaongea hivo, Singapore na Ufilipino utaisikia kila siku, hata Wagiriki kwa lugha yao taa wanaifungua. Kwa mtu wa kuuza duka ningekwambia usijichoshe sana. Ila huyu wako anasimamia mitambo, na penye umeme mkubwa hili neno moja linaweza kumuua mtu. Sitii chumvi, nitakuonyesha huko mbele.

Sasa kiini chenyewe. Mwanafunzi wako alipokuwa shule alipewa orodha ya maneno ya Kiingereza na pembeni ya kila neno kuna Kichina chake, na pale kwenye "open" palikuwa na neno "kai" au "dakai". Akakariri, akafaulu. Tatizo ni kwamba hiyo "kai" ni neno pana ajabu. Wanaliandika 开, sauti inakuwa juu imenyooka kama mtu anayeimba noti moja. Kwa maandishi ya zamani ambayo Taiwan na Hong Kong bado wanayatumia linaandikwa 開, na ukilitazama taratibu utauona mlango wa mabawa mawili, ndani yake kuna alama iliyotokana na mikono miwili inayotoa komeo. China bara waliporahisisha maandishi, mpango wa 1956, mlango wakauondoa ikabaki ile ya ndani peke yake. Kwa hiyo mwanzo wake ni uleule wa kwetu, mlango na komeo.

Lakini maana yake ilishatoka mlangoni zamani sana ikaenda mbali. Kuwasha taa ni "kai deng", kuwasha tivii ni "kai dianshi", kuendesha gari ni "kai che" na rubani naye ndege yake "anaikai" vilevile, kuwa kwenye kikao ni "kai hui", shule kufunguliwa ni "kai xue", ua kuchanua ni "kai hua", kufyatua bunduki ni "kai qiang", kufanya utani ni "kai wanxiao", maji yakichemka wanasema "shui kai le" yaani maji yamekai, daktari akikuandikia dawa "anakai" dawa, na mwenye duka akikupa risiti ya kodi naye anaikai. Sisi hapo kwenye risiti tunakata na kwenye dawa tunaandika, wao kote wanafungua.

Ukizitazama zote pamoja utaona hazijatupwa hovyo, kuna picha moja imelala chini yake. Komeo limetoka, na kitu kilichokuwa kimetulia sasa kinakwenda. Taa inakwenda, gari linakwenda, kikao kinakwenda, maji yanatokota, ua linajitandaza. Macho ya "kai" yako kwenye mwendo, yaani kile kitu baada ya kizuizi kuondoka kinafanya kazi.

Macho ya "open" ya Kiingereza yako pengine. Yako kwenye uwazi, ule upenyo unaobaki baada ya kizuizi kuondoka, upenyo wa kupita, kuona ndani, kuingiza mkono au kuchukua kitu. Mlango, dirisha, mdomo, macho, kitabu, sanduku, barua, vyote vikiwa "open" unaweza kuingia au kuona kilichokuwa kimefichwa. Akaunti ya benki ukiifungua umepata njia ya kuingiza hela. Mtu akiwa "open" kwa ushauri maana yake ushauri una pa kuingilia, na swali likiwa "open" halijafungwa na jibu. Zile maana zilizojaa ukurasa wa kamusi usiogope, karibu zote ni upenyo huohuo umevaa nguo tofauti, na ukishauona huo upenyo huna haja ya kumkaririsha mtu ukurasa mzima.

Kwa hiyo kipimo cha kumpa ni swali moja tu, na mimi nalifundisha kwa mikono kabla ya maneno. Ukimaliza kitendo, kimebaki nini pale, upenyo au mwendo? Kama ni upenyo, "open". Kama ni mwendo, tafuta neno lingine. Feni, ukishaiwasha hakuna tundu lolote, kuna mapanga yanazunguka, basi ni "turn on the fan". Na hiyo "turn" mwonyeshe ni kugeuza kitu kwa vidole, maana ndo ilivokuwa kweli, hata taa za gesi za mwanzo za barabarani London, mtaa wa Pall Mall mwaka 1807, gesi yake kuipata unageuza koki. Koki zimeondoka siku hizi tunabonyeza tu lakini neno limebaki. Watu wa mitambo wanaipenda sana hii habari, nimeona inawakaa kichwani kuliko sheria yoyote ya grama.

Gari nalo sasa. "Open the car" kwa Mwingereza ni mlango wa gari au kuondoa loki, upenyo, ndo maana yule mlinzi akakimbilia funguo, na kwa kweli mlinzi alisikia Kiingereza sahihi kabisa, kosa halikuwa kwake. Anachotaka mwanafunzi wako ni "drive". Kikao ndo kinachanganya zaidi kwa sababu "open a meeting" ipo kwenye Kiingereza, ila ni lile tendo la dakika moja, mwenyekiti anasimama anakaribisha watu anasema kikao kimefunguliwa, basi. Huwezi kulifanya kwa muda wa saa mbili. Kile cha saa mbili ni "we had a meeting", na ukipigiwa simu ukiwa ndani yake ni "I'm in a meeting". Hapa tunaelewana vizuri maana hata kwetu waziri anafungua mkutano asubuhi kisha anaondoka zake, na mkutano unaendelea siku tatu. Dawa, "prescribe" ni neno zito kwa mtu wa kiwango chake, mpe "the doctor gave me medicine" inatosha kabisa. Na maji yaliyo"kai" ni "boil", lazima alijue mapema kwa sababu Wachina wengi wamezoea kunywa maji ya moto na atayaomba kila siku.

Sasa hiyo "open the TV" yako. Isikuaibishe hata kidogo, wewe umefanya kitu kilekile anachofanya yeye. Sisi redio tunafungulia, mziki tunafungulia, bomba tunafungua, shule zinafunguliwa, kesi inafunguliwa mahakamani, asubuhi tunafungua kinywa, Ramadhani ikifika jua likizama tunafungua, na mama anajifungua. Mtoto wa Kiswahili akienda Uingereza akasema "I opened at six" akimaanisha kafuturu saa kumi na mbili atatazamwa vilevile kama mwanafunzi wako anavyotazamwa na mlinzi. Tofauti yetu na Wachina ni kwamba sisi tuna "washa" imekaa imara kwenye taa, na "endesha" kwenye gari, kwa hiyo "open the light" inatutoka mara chache. Hii ndo silaha yako dada, mwalimu mzawa wa London huenda hajawahi kushtuka kwamba taa inaweza kufunguliwa, wewe unaijua njia ya kosa kwa sababu umeshaipita. Mwambie kabisa kwa lugha yangu tunafungulia redio na mimi pia hunitoka, utaona mabega yanamshuka. Mtu mzima mwenye cheo kazini kukosolewa kama mtoto kila siku kunamuumiza kuliko anavyoonyesha.

Kuna vitu vya mpakani na hapa ndo wanafunzi wajanja watakubana. Simu, ukiiwasha ni "turn on the phone", ukisema "open the phone" fundi atachukua bisibisi aifungue mfuniko. Lakini WeChat iliyo ndani ya simu unai"open", kwa sababu programu inafunuka kwenye kioo na wewe unaingia ndani yake. Laptop ukiinua kifuniko ume"open", ukibonyeza kitufe ume"turn on", vitendo viwili tofauti kwa kitu kimoja, na hii ni zoezi zuri sana la kumfanyisha kwa mikono yake. Bomba la maji zote mbili zinasikika, "turn on the tap" ndo ya kawaida, ila valvu ya kiwandani ni "open the valve" siku zote, kwa sababu ndani yake kweli kunabaki tundu la maji kupita. Duka, "open a shop" ni kulianzisha au kuondoa kufuli asubuhi, lakini akitaka kusema mke wake ana duka miaka mitatu sasa, Kichina kitamvuta kwenye "kai dian" na atasema "my wife opened a shop three years", kumbe anahitaji "run" au "has". Mwendo tena, si upenyo.

Kizuri ni kwamba kuna mahali "kai" na "open" wanakaa kiti kimoja bila ugomvi, nako ni pale "kai" inapokuja ya pili nyuma ya kitendo cha mkono. "Tui kai" ni kusukuma mpaka kufunguke, Kiingereza "push open". "La kai" ni kuvuta, "pull open". "Qie kai" ni kukata, "cut open". Mpangilio uleule neno kwa neno. Anza somo hapo. Mtu aliyekuwa anaambiwa kila siku kakosea akipata ghafla sentensi tano sahihi mfululizo anaamka kabisa.

Haya, karatasi ya mlangoni. Hii ina sababu mbili zilizokutana. Kwanza Kiingereza chenyewe hapa hakina ulinganifu na wala si kosa la mtu. "Open" toka zamani ni neno la hali, kama "wazi" yetu, kitenzi kikazaliwa baadae kutoka kwenye hiyo hali, kwa hiyo halihitaji kuongezwa "-ed" ili liseme mlango uko wazi. "Close" alikuja baadae kutoka Kifaransa, akaja kama kitenzi, kwa hiyo ili aseme hali lazima avae "-ed". Ndo maana "open" na "closed" hawafanani mkia. Angalia sasa Kiswahili: ofisi iko wazi, ofisi imefungwa. Upande mmoja neno la hali, upande mwingine kitenzi cha kutendwa, sawasawa kabisa na wao! Wewe hili tayari unalo kwenye damu, hujawahi tu kuliangalia.

Mwanafunzi wako anasawazisha kile ambacho Kiingereza hakijasawazisha. Alifundishwa kitu kilichotendwa kinachukua "-ed" akaiweka kwenye "open". Kwenye "closed" ikamdondoka kwa sababu ya mdomo, si kichwa. Silabi ya Kichina sanifu huishia kwenye irabu au "n" au "ng", kwa watu wa kaskazini na "r" kidogo, basi. Ule mkia wa "zd" mwishoni mwa "closed" hauna pa kukaa mdomoni mwake, sisi tungeuongezea irabu tukasema "klozdi", yeye anaukata, alafu anaandika anavyojisikia. Na bahati mbaya "close" bila "-ed" ikiwa neno la hali ina maana yake nyingine, karibu. Mgeni akisoma "office is close" anaweza kudhani ofisi iko jirani.

Hapa ndo ka "zhe" kanakuja. Kichina kinatenganisha vizuri sana hali na tukio. "Men kai zhe" ni mlango uko wazi, "men kai le" ni mlango umefunguka, kitu kimetokea. Mwambie hivi: pale wewe ungesema "kai zhe", Kiingereza ni "is open", na kama ni taa basi "is on". Pale ungesema "kai le" kwa mlango ndo "opened" inaingia. Hutahitaji kumweleza maneno kama kitenzi cha kutendwa wala kivumishi, anaielewa tofauti hiyo kwa lugha yake toka akiwa na miaka mitatu. Mimi nikigundua hili nilikuwa nimeshafundisha muda mrefu nikimchosha kila mtu na majina ya grama, na najuta kwa wale wa mwanzo.

Maneno ya watu na hisia nitayagusa harakaharaka. Furaha kwao ni "kai xin", moyo uliofunguka, karibu na sisi tunaposema mtu mkunjufu maana kukunjua ni kufungua pia. Kwa Kiingereza lakini "open heart" watu wanafikiria upasuaji wa moyo, mpe "happy" yatosha. Na kuna "kaifang", neno lilelile la sera ya mageuzi na kufungua milango ya China ya mwaka 1978, likisemwa juu ya nchi ni sifa njema, likisemwa juu ya mtu hasa mwanamke linaweza kumaanisha ana uhuru sana kwenye mambo ya mapenzi. Kiingereza "she is very open" ni kwamba anasema ukweli wake bila kuficha. Ukimsifia mfanyakazi mwenzake mbele yake kwa hilo neno anaweza kukasirika au kucheka vibaya, mweleze mapema.

Sasa umeme, na hapa nakuomba usome taratibu. Kwa mtu wa kawaida wa Kichina "kai" kwenye umeme ni kuwasha na "guan", ambayo kwenye mlango ni kufunga, kwenye umeme ni kuzima. Ndo maana utasikia pia "close the light". Lakini kwa mafundi wa umeme waliosomea, popote Kiingereza cha ufundi kinapotumika, "open the circuit" ni KUKATA umeme na "close the circuit" ni KUUNGANISHA. Kipimo chetu cha upenyo kinafanya kazi hapahapa: ndani ya swichi kuna vyuma viwili, vikiachana kunakuwa na upenyo, umeme hauruki, saketi iko "open". Vikikutana upenyo umefungwa, umeme unapita. Kwenye valvu ya maji upenyo unapitisha, kwenye saketi upenyo unakata. Neno moja, matokeo yamegeuka.

Fikiria sasa msimamizi wako yuko upande mmoja, fundi wa Kitanzania yuko kwenye paneli, kuna mtu mkono wake uko ndani ya mashine. Msimamizi anataka mashine izimwe, anapiga kelele "close the switch!" akimaanisha "guan". Fundi aliyesoma vizuri anasikia unganisha. Sihitaji kumalizia. Wachina wenyewe kwenye ufundi wa umeme mkubwa hawatumii "kai" na "guan" pale, wana maneno yao maalum, "fen zha" kwa kutenganisha na "he zha" kwa kuunganisha, na msimamizi wa mitambo huenda anayajua vizuri. Muulize. Kama anayajua, nusu ya kazi imeisha: "fen zha" ndo "open the breaker" (breaker ni ile swichi kubwa ya kukata umeme), "he zha" ndo "close the breaker", na kwa watu wasio mafundi wa umeme asitumie kabisa hayo maneno mawili, aseme "power off" na "power on".

Kuhusu kumfundisha, njia ziko tatu na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kumwandikia orodha ya "kai" zote na Kiingereza chake, anaipenda kwa sababu ndo alivosoma shule, na inasaidia kwenye kusoma, lakini mdomo hauna muda wa kufungua orodha mtu anapoongea, hiyo ndo sababu daftari limejaa na kosa liko palepale. Ya pili ni kipimo cha upenyo na mwendo, kinamfanya aelewe na aweze kubahatisha vizuri neno jipya, ila nacho ni cha polepole akiwa anaongea. Ya tatu ni kukariri kipande kizima kama kilivyo, "turn on the fan", "I'm in a meeting", "I can't drive manual", kwa kurudia akiwa ameshika kitu chenyewe. Mimi natumia ya pili siku moja tu, kwa dakika ishirini hivi, alafu ya tatu kwa wiki nyingi. Mchukue mzunguke kiwandani akiwa anawasha na kuzima vitu vya kawaida huku anasema, usikae naye darasani na daftari. Chukua vipande vinne tu kwa wiki. Na acha kumkatiza kila kosa, chagua hivo vinne vya wiki hiyo, vingine viache vipite hata kama vinakuuma sikio.

Nikwambie ukweli lakini, mtu wa miaka 45 ambaye kaisema "open the light" tangu ujana huenda hataiacha yote. Akichoka usiku itamtoka. Hilo lisikunyime usingizi. Kwenye taa na tivii mwache. Kuna sehemu tatu tu ambazo mimi nisingekubali yabaki, gari, hospitali na umeme.

Na hizi mbili za mwisho usizibebe peke yako. Hospitali, akienda kwa jambo kubwa aende na mkalimani au mwenzake anayejua lugha vizuri, kwa sababu "kai dao", kwa neno kwa neno kufungua kisu, ni kufanyiwa upasuaji, na akimwambia daktari "I opened knife last year" daktari anaweza kuipita taarifa ambayo alitakiwa kuijua kabla ya kumpa dawa au nusu kaputi. Unaweza kumwandikia kwenye karatasi akae nayo kwenye pochi, "I had an operation", sehemu gani ya mwili na mwaka gani. Umeme, wiki hii hii kabla ya somo lingine lolote, omba mkae watatu, wewe, yeye na fundi umeme mkuu wa hapo kiwandani, mbele ya paneli lakini bila kugusa kitu. Kila mmoja aonyeshe kwa mkono anaelewa nini akisikia "open" na akisikia "close". Usishangae wakionyesha pande tofauti. Alafu fundi na mtu wa usalama kazini waamue maneno gani yatatumika na wayabandike kwa Kiswahili, Kichina na Kiingereza, na mashine ikiwa inatengenezwa swichi ipigwe kufuli na ufunguo akae nao yule ambaye mkono wake uko ndani.

Hiyo karatasi ya mlangoni mpe mwenyewe aibadilishe kwa mkono wake, usimwandikie.